Kibao kilichomezwa na gome: siku nane kutoka Muheza hadi bustani za Nairobi

Siku ya kwanza, Jumapili

Shuleni kwetu, chini ya milima ya Usambara, kuna mti ambao watoto saba wakishikana mikono ndipo wanauzunguka. Zamani, kabla sijahamia pale, mtu aliupigilia kibao cha bati kwa msumari. Mti ukazidi kunenepa, gome likakimeza kibao taratibu, na leo zimebaki herufi nne tu zinazosomeka pembeni: "hora". Basi watoto wanauita Mti wa Hora. Jani lake ukilisugua kiganjani linatoa harufu kali ya dawa ya kuchua. Wazee wa kijiji wanabishana, wapo wanaosema ni aina ya mkaratusi, wapo wanaokataa katakata.

Mwaka huu kamati imeanza kuzungumzia kuukata, tupate uwanja wa darasa jipya. Darasa tunalihitaji kweli. Lakini nilipouliza kikaoni tunakata mti gani, hakuna aliyejibu, nami pia sikuwa na jibu. Nimefundisha miaka kumi na moja kivulini mwake.

Ndiyo maana likizo hii ya Juni nimefunga safari. Wanafunzi wa klabu ya mazingira wamenichorea jani, gome na ua kwenye daftari, na nimepiga picha za kutosha. Jani lenyewe sikulibeba, kwa kuwa mmea hauvushwi mpaka bila cheti cha afya ya mimea, na huo ni utaratibu ninaouheshimu. Mdudu mmoja aliyejificha kwenye jani anaweza kuangamiza mashamba ya nchi nzima.

Basi lilitoka Muheza asubuhi. Kuelekea Tanga mkonge umepangwa pande zote mbili, mistari iliyonyooka mpaka upeo wa macho. Huwa nawaeleza wanafunzi kwamba mkonge haukuwa wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutoka hiyo 62 likaja zao lililobadilisha ardhi yote hii. Miaka tisa baadaye, mwaka 1902, Wajerumani wakafungua kituo cha utafiti cha Amani, juu ya milima yetu, kujaribu mimea ya kutoka kila bara. Kazi ya bustani za mimea za wakati ule ilikuwa hiyo: mmea unaletwa, unaoteshwa, unapimwa utaingiza fedha kiasi gani. Mwanakijiji aliyeishi kando yake hakuwamo kwenye hesabu, isipokuwa kama kibarua.

Tulivuka mpaka wa Horohoro na Lungalunga bila shida, kisha kivuko cha Likoni jioni, watu wamesimama wamebanana. Nimelala Mombasa.

Siku ya pili, Jumatatu

Treni ya Madaraka kutoka Miritini. Tsavo niliona tembo wamejipaka vumbi jekundu, na humu ndani kila mtu anawaita ndovu. Hapa na pale reli ya zamani inajitokeza, nyembamba, imefunikwa na nyasi. Injini za reli ile zilikula kuni, tena kuni nyingi kuliko misitu ya kandokando ilivyoweza kutoa. Nakumbusha hili kwa sababu keshokutwa nitaingia kwenye bustani iliyozaliwa na njaa ile ya kuni.

Nairobi ni baridi. Nilikuwa nimeambiwa, lakini kuambiwa na kuhisi ni vitu viwili.

Siku ya tatu, Jumanne

Leo nimeshinda kwenye bustani ya mimea iliyo ndani ya eneo la Makumbusho ya Taifa, kwenye mteremko juu ya Mto Nairobi. Kelele za magari ya barabara kuu zinasikika muda wote, ila ukishuka hatua chache kwenye kijia zinafifia na unaanza kusikia ndege.

Nilifuatana na kikundi cha wageni wapatao kumi na wawili, wakiongozwa na mama mmoja mwenye koti la kazi na viatu vya mpira. Namna yake ya kufundisha ilinishika. Akifika kwenye mti hasemi jina. Anauliza kwanza: "Nani anaujua huu? Kwenu mnauitaje?" Tulisimama mbele ya mti mmoja wa majani mabichi yanayong'aa. Kijana akasema kwao ni muthiga. Bibi mmoja mwenye shanga akasema osokonoi. Mwanamume wa Kericho akasema soget. Watu watatu waliokuwa hawajuani wakajikuta wanasimuliana jinsi mama zao walivyowatafunisha gome lake wakiumwa jino au kifua. Hapo ndipo mama akatamka jina la nne, Warburgia ugandensis, na watu wakalipokea kama jina la ukoo la mtu wanayemfahamu tayari.

Kisha akatuonyesha kwa kidole mahali ambapo mtu angeanza kuchuna gome. Chini ya gome, alisema, ndimo chakula kinachotengenezwa na majani kinamopita kwenda mizizini. Ukichuna upande mmoja mti unaweza kupona. Ukichuna duara kamili, mizizi inakufa njaa, na majani yatabaki ya kijani kwa muda yakikudanganya kwamba mti uko salama. Ndivyo muthiga mingi ilivyokufa. Kwa hiyo wanachohimiza sasa ni kutumia majani yake, ambayo nayo yana ule ukali, na kuotesha miche nyumbani.

Bibi mwenye shanga alitaka kujua miche inapatikana wapi. Hakuuliza kuhusu Kilatini wala kemia, na sioni kosa. Somo lilikuwa limemfikia pale lilipotakiwa kufika.

Nikamwonyesha yule mama picha zangu. Aliangalia, akakunja uso. "Mwalimu, hapa siwezi kukubahatishia. Alhamisi si unaenda hebaria, kule wanakohifadhi mimea iliyokaushwa? Waulize kule. Lakini kabla ya hapo nenda Arboretum, ile bustani ya miti, ujifunze kutengeneza kibao, usije ukapigilia msumari tena."

Siku ya nne, Jumatano

Arboretum iko kilomita zisizozidi tatu hivi kutoka katikati ya jiji, jirani na Ikulu, na Mto Kirichwa Kubwa unapita ubavuni. Ni kama hektari 30. Ilianzishwa mwaka 1907, miaka minane tu baada ya reli kufika Nairobi, ili kujaribu miti inayokua haraka kwa ajili ya kuni na mbao. Miti ya asili ilionekana inachelewa, ikaletwa mikaratusi kutoka Australia na mingine kutoka Asia na Amerika. Injini ziliacha kula kuni zamani, lakini miti iliyojaribiwa ipo, na leo ni zaidi ya spishi 300 zinaishi pamoja, za asili na za kuja.

Langoni nilimsalimia mlinzi mzee, "Shikamoo." Akacheka kwa furaha, akaitika "Marahaba," kisha, "Wewe ni wa Tanzania." Akakagua mkoba wangu. Tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja kwenye misitu, hifadhi na fukwe, kwa hiyo chupa ya maji ya dukani haiingii. Yangu ilikuwa ya chuma. Familia iliyokuwa nyuma yangu ilibidi ihamishie juisi yao kwenye chupa nyingine, na mtoto mdogo akauliza kwa nini. Mlinzi akachuchumaa akamweleza kuhusu tumbili anayemeza mfuko. Yule mzee ni mwalimu mwenzangu.

Ndani kulikuwa na kila aina ya watu. Wakimbiaji wa asubuhi, wanafunzi wa chuo wamelala kwenye nyasi na vitabu, na chini ya miti mikubwa vikundi vya watu wanaosali kwa sauti, kila kikundi na mti wake. Kwa wengi wa hawa hakuna mahali pengine jijini penye kivuli na utulivu ambapo hawatafukuzwa. Naona tunakosea tunapozungumzia bustani kama makumbusho ya mimea tu. Mtu aliyesali miaka mitano chini ya mti mmoja ndiye atakayesimama siku mtu akija na msumeno.

Saa nne wakaja watoto wa shule ya msingi na sare za bluu, kama arobaini, na kijana wa bustani akawapokea. Nikaomba ruhusa kwa mwalimu wao nifuatane nao.

Kazi ya kwanza: wawiliwawili, mmoja akafungwa kitambaa machoni. Mwenzake anamwongoza mpaka kwenye mti, anamwacha aupapase, aukumbatie, aunuse, kisha anamrudisha alipoanzia na kumfungua. Sasa tafuta mti wako. Nilimfuata msichana mmoja. Alipita miti minne akiigusa na kuiacha, akafika wa tano, akaweka shavu kwenye gome na kupiga kelele: "Ni huu! Una ngozi ya ndovu!" Alikuwa sahihi.

Kazi ya pili ilikuwa hesabu, na hii naipeleka nyumbani kama ilivyo. Kila kundi lilipewa kamba na rula. Wakapima mita 1.3 kutoka ardhini, ambacho ni kimo kinachotumiwa na watu wa misitu katika nchi nyingi duniani, wakazungusha kamba, wakasoma mzingo, wakagawa kwa 3.14 kupata kipenyo. Mvulana mmoja alibisha kwamba jibu haliwezi kuwa sentimita 95 kwa sababu mti unaonekana mdogo. Wakapima tena. Ikawa 95 tena. Uso wake ulivyobadilika! Nimefundisha duara ubaoni kwa miaka na sijawahi kuuona uso ule.

Watoto walipoondoka, kijana wa bustani alinipeleka kwa mtunza miche, mzee mpole mwenye mikono iliyopasuka kwa udongo. Nikamsimulia habari za kibao chetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, mti haukumeza kibao kwa ubaya. Mti unanenepa kila mwaka, msumari haunenepi." Akanifundisha. Waya usiopata kutu, usokotwe kuzunguka kalamu uwe springi. Kibao kining'inie kwenye springi, ili mti ukitanuka springi nayo inyooke. Kila mwaka mtu apite alegeze. Kama huna fedha ya kibao cha kuchongwa, kata kopo la soda kwa mkasi, kunja kingo zisikate watoto, lilaze juu ya gazeti lililokunjwa, uandike kwa kalamu ya wino ukikandamiza. Maandishi yanazama kwenye alumini. Wino utafutika kwa mvua, maandishi yatabaki.

Na uandike nini? Kwanza jina ambalo watu wa hapo wanaliita, kwa herufi kubwa. Chini yake jina la kisayansi, kwa kuwa hilo halibadiliki Muheza wala Tokyo. Kisha ulikotoka mti. "Ukiweza, ongeza sentensi moja ya kumfanya mtoto ainue macho auangalie," alisema.

Kabla sijaondoka alinionyesha lundo lake la mboji. Majani yote yanayofagiwa yanaishia kitaluni kwake, hayachomwi. Alitoboa shimo kwa fimbo, akaniambia niingize mkono. Nikauondoa upesi, ndani mlikuwa moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Vijidudu visivyoonekana vinakula majani, na vinapokula vinatoa joto linaloweza kufika nyuzi 60, la kuua mbegu za magugu. Tabaka la majani makavu, tabaka la mabichi, maji kiasi cha sifongo iliyokamuliwa, kisha kupindua ili hewa iingie. Kwetu tunachoma majani kila Ijumaa mchana, moshi unaingia madarasani. Hilo litakoma tukifungua shule.

Siku ya tano, Alhamisi

Hebaria ya Afrika Mashariki. Niliomba kwa barua pepe wiki tatu kabla, nikajibiwa kwa ukarimu.

Msomaji ambaye hajaiona hebaria afikirie maktaba ambayo kila ukurasa ni mmea. Tawi linabanwa katikati ya magazeti mpaka likauke, linabandikwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni inaandikwa lebo: nani alilichuma, wapi, lini, mti ulikuwa na urefu gani, ua lilikuwa na rangi gani likiwa hai, wenyeji wanauitaje. Mimea mipya inagandishwa kwanza kwenye friza ili wadudu wafe. Mle kuna karibu milioni moja ya karatasi hizo. Nyingi za mwanzo zilitoka kwetu, kwa kuwa hebaria hii ilianzia Amani na ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Juu ya makabati kama haya ndipo uliposimama mfululizo wa vitabu vya mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda ulioanza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012, ukiwa na spishi zaidi ya 12,000. Miaka 60 ya kazi.

Dada aliyenipokea alilifungua daftari la wanafunzi wangu kwa heshima kubwa, kana kwamba ni la profesa. Akauliza: jani lina mishipa mikuu mingapi kuanzia chini? Nikatazama picha. Mitatu. Harufu? Dawa ya kuchua. Na pale mishipa inapoachana, kuna vinundu vidogo?

Hapo nilinyamaza. Msichana wa darasa la tano aliyechora jani lile aliweka nukta mbili, moja kila pembe ya mishipa. Mimi nilimwambia azifute, nikidhani ni madoa ya kalamu. Hakuzifuta. Aligoma kimyakimya, na nukta zilikuwapo, mbili, nyeusi, mahali penyewe.

"Hivi," dada yule alisema akiweka kidole juu yake, "ni vijumba vya utitiri. Mtoto huyu ana jicho." Akaenda kwenye kabati, akarudi na jalada, akafungua karatasi ambayo lebo yake iliandikwa Amani. Jani lilikuwa limegeuka kahawia kwa umri, lakini mishipa mitatu ilikuwapo, na ukiinama na kioo cha kukuzia, vinundu pia. Cinnamomum camphora. Mkafuri. Asili yake China, Taiwan na Japani, na ndiko inakotoka kafuri, ile inayotiwa kwenye dawa ya kuchua na inayowekwa kwenye sanda. Herufi zetu nne zilikuwa mwisho wa jina.

Halafu akaongeza jambo lililonifanya nikae chini. Mkafuri na mdalasini ni wa familia moja ya mimea. Muheza! Mdalasini umejaa mashambani kwetu, watoto wangu wanachuna magome yake na wazazi wao wakati wa mvua, na jani la mdalasini lina mishipa mitatu ileile. Jibu lilikuwa kwenye kila ua wa nyumba. Tulikosa mtu wa kutuwekea majani mawili sambamba.

Nikamuuliza kama majina ya Kiswahili yanahifadhiwa. Akanieleza kuhusu P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Amani, aliyekusanya kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili. Toleo la pili lilichapwa Dar es Salaam mwaka 1940. Majina yale aliyapata kwa kuwauliza watu. Nilifikiria wazee wa kwetu ambao babu zao huenda waliulizwa, na wajukuu wao ambao leo hawaulizwi na mtu. Hilo liliniuma zaidi ya herufi zilizomezwa.

Siku ya sita, Ijumaa

Nusu siku katika Msitu wa Karura. Ni hektari 1,041, ndani ya jiji. Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapa walipokuja kupanda miti kwenye ardhi iliyokuwa inagawiwa wajenzi. Leo watoto wa shule wanaletwa kujifunza, na mikaratusi inaondolewa kidogo kidogo kupisha miti ya asili. Nimetembea mpaka kwenye maporomoko na kurudi bila kuandika mengi. Miguu ilikuwa imechoka, na moyo ulikuwa umeshaanza safari ya kurudi.

Siku ya saba, Jumamosi

Treni mpaka Mombasa. Njiani nilitumia muda kujaribu sentensi moja ya kumfanya mtoto ainue macho. Niliandika na kukata mara tisa.

Siku ya nane, Jumapili

Nimefika Muheza saa tisa. Wanafunzi wanne wa klabu walikuwa wananingoja stendi, hata mkoba hawakuniacha nibebe. Tulipitia shambani kwa bibi wa mmoja wao kuomba jani la mdalasini, kisha tukaenda moja kwa moja shuleni.

Msichana wa nukta mbili nilimpa kalamu na kopo la soda lililokatwa. Nikamwomba radhi mbele ya wenzake kwa kumwambia afute. Akaandika akikandamiza, ulimi nje: MKAFURI. Cinnamomum camphora. China, Taiwan, Japani. Chini yake: "Mimi ni ndugu wa mdalasini. Hesabu mishipa yangu." Tukafunga kwa springi, upande wa pili wa kile kibao cha zamani. Kile hatukukigusa, kukichimbua kungeumiza gome.

Kikao cha kamati ni Alhamisi. Tulipokuwa tunakusanya vifaa mwenyekiti akapita na baiskeli, akasimama, akasoma kibao polepole. Akachuma jani moja, mtoto mmoja akampa na lile la mdalasini. Akayaweka sambamba kiganjani, akaanza kuhesabu.